Foleni ya jumbe: jedwali la PostgreSQL, RabbitMQ, Kafka au SQS?

Mteja amelipa kwa simu. Mfumo wa malipo unaigongea seva yako na taarifa: namba ya risiti, kiasi, namba ya aliyelipa. Seva inatakiwa ijibu upesi kwamba imepokea. Lakini nyuma ya taarifa hiyo moja kuna kazi nne: kuingiza malipo kwenye hesabu, kupunguza bidhaa stoo, kumtumia mteja SMS, na kumwarifu wa bodaboda atakayepeleka mzigo. Ukizifanya zote kabla ya kujibu, siku huduma ya SMS ikisuasua, mapokezi ya malipo nayo yanasuasua. Kwa hiyo unaiandika taarifa mahali, unajibu, na programu nyingine zinaifanyia kazi kwa wakati wake. Mahali hapo ndipo foleni.

Ubishi huanza timu inapouliza foleni hiyo ijengwe juu ya nini. Mmoja anasema jedwali la databesi ya PostgreSQL linatosha. Mwingine ametoka kwenye kampuni iliyotumia RabbitMQ, seva ya kupokea na kugawa jumbe, na hataki kusikia kingine. Wa tatu amesoma habari za Kafka, mfumo wa kuandika matukio kwenye logi. Mwenye kulipa bili anauliza kwa nini msikodishe tu huduma ya wingu, kama SQS ya Amazon. Wote wana hoja, na kila mmoja anatetea kitu tofauti.

## Vigezo

Watu wengi huanza na kasi. Mimi naiweka mwisho, kwa sababu duka linalopokea malipo kumi kila sekunde tayari ni duka kubwa sana, na zote nne zinamudu kiwango hicho bila jasho. Maswali yanayotenganisha chaguo hizi ni haya:

Nani anakumbuka kazi ipi imekwisha? Kuna foleni inayofuatilia kila ujumbe peke yake, na kuna ile inayomwachia msomaji akumbuke alipofikia. Tofauti nyingine nyingi zinatokana na hii.

Ujumbe unaweza kupotea wapi? Hasa katika ile nafasi nyembamba kati ya databesi yako na foleni.

Mpangilio. Je, ni lazima "oda imefunguliwa" ishughulikiwe kabla ya "oda imefutwa"?

Kazi ikishindikana. Inarudiwa vipi, mara ngapi, na ujumbe mbovu unaishia wapi?

Kurudi nyuma. Ukigundua leo kwamba msimbo wa juzi ulikosea hesabu, unaweza kuzipitia tena jumbe za juzi?

Uendeshaji na gharama. Nani ataamka usiku ikigoma?

Jambo moja halimo kwenye vigezo kwa sababu ni la wote. Chukua mchakataji, yaani programu inayochukua jumbe kwenye foleni na kuzifanyia kazi, aliyetuma SMS, na kabla hajathibitisha kwamba amemaliza, umeme ukakatika. Foleni haina njia ya kujua kama SMS ilienda. Ama iirudishe kazi, na mteja apate SMS mbili, ama iiache, na siku nyingine mteja asipate hata moja. Foleni inayojali pesa huchagua kurudisha. Kwa hiyo, yoyote utakayoichukua, andika wachakataji wako wakijua kwamba ujumbe uleule unaweza kuwafikia mara mbili. Kwa malipo dawa yake ni nyepesi: namba ya risiti ipewe kizuizi cha `UNIQUE` (isijirudie) kwenye jedwali la malipo, na kuingiza kufanyike kwa `ON CONFLICT DO NOTHING`. Ikija mara ya pili, databesi inaipuuza. Kwa SMS ni kazi zaidi, kwani iliyokwisha kwenda hairudi.

## Jedwali ndani ya PostgreSQL

Kumbukumbu. Kila ujumbe ni mstari, na hali yake ni safu ndani ya mstari huo. Zamani njia hii ilikuwa na sifa mbaya, kwa sababu wachakataji wawili walikuwa wakigombania mstari mmoja na kusubiriana. Toleo la 9.5, lililotoka Januari 2016, lilileta `SKIP LOCKED`, na mchakataji akaweza kuruka mstari ulioshikwa na mwenzake:

```
UPDATE foleni
SET hali = 'imechukuliwa', saa = now()
WHERE id = (
  SELECT id FROM foleni
  WHERE hali = 'mpya'
  ORDER BY id
  LIMIT 1
  FOR UPDATE SKIP LOCKED
)
RETURNING *;
```

Hiyo peke yake ni foleni inayofanya kazi. Ongeza kazi ndogo ya kila dakika inayorudisha kwenye hali ya `mpya` mistari iliyochukuliwa zamani bila kumalizika, na umefunika mchakataji aliyekufa njiani.

Upotevu. Hapa jedwali linawazidi wenzake. Kuandika malipo na kuandika ujumbe wa foleni ni muamala mmoja wa databesi: vyote viwili vinaandikwa, au hakuna kinachoandikwa. Foleni ikiwa seva nyingine, kuna sekunde ambayo malipo yameshaandikwa na ujumbe bado haujaenda, na programu ikianguka hapohapo ujumbe haupo tena popote. Watu huziba pengo hilo kwa kuandika ujumbe kwanza kwenye jedwali la kutokea, kisha programu ndogo inauhamisha kwenda kwenye foleni ya kweli. Yaani wengi waliolikimbia jedwali hurudi kulitumia, safari hii likiwa mlangoni mwa mfumo mwingine.

Mpangilio. Mchakataji mmoja akisoma kwa `id`, unaupata kwa kiasi kikubwa. Wakiwa watano, wanaanza kwa mpangilio lakini hawamalizi kwa mpangilio.

Kushindikana. Unajijengea mwenyewe: safu ya idadi ya majaribio, safu ya muda wa kujaribu tena, na hali ya `imeshindikana`. Si kazi ngumu, na faida yake ni kwamba siku ya matatizo unauliza kwa SQL ya kawaida. Kujua malipo gani ya leo hayajapata SMS ni swali la mstari mmoja.

Kurudi nyuma. Usipofuta mistari, historia iko hapo. Tatizo ni kwamba usipofuta, jedwali linakua.

Uendeshaji. Hakuna seva mpya, na nakala za akiba ni zilezile unazochukua sasa. Ila kuna mtego ambao hauonekani siku ya majaribio. PostgreSQL haibadilishi mstari palepale. Huandika mstari mpya na kuuacha wa zamani ukiwa mfu hadi autovacuum, kazi yake ya ndani ya usafi, ipite kufagia. Foleni huzalisha mistari mifu kuliko jedwali lolote la kawaida, kwa kuwa kila ujumbe unaingizwa, unabadilishwa, kisha unafutwa. Sasa mhasibu anafungua ripoti ya mwisho wa mwezi inayokimbia saa mbili kwenye databesi hiyohiyo. Muda wote huo autovacuum haiwezi kufagia mistari iliyokufa baada ya ripoti kuanza, kwa sababu ripoti bado ina haki ya kuiona. Jedwali la foleni linavimba, ile `SELECT` ndogo inapitia maiti maelfu kabla ya kumpata aliye hai, na kazi ya milisekunde inageuka ya sekunde. Timu inaanza kumtafuta mchawi kwenye msimbo wa foleni, kumbe yuko uhasibu. Tiba zipo: ripoti zihamie kwenye seva ya nakala, au jedwali ligawanywe kwa siku na sehemu za zamani ziangushwe nzima badala ya kufuta mstari kwa mstari. Angalia tu kwamba `hot_standby_feedback`, mpangilio unaoifanya nakala iiarifu seva kuu ni mistari gani bado inaihitaji, ikiwa imewashwa, ripoti ndefu ya huko inaizuia fagio ya huku vilevile.

Inamfaa mwenye PostgreSQL tayari, timu ya watu wachache, na kazi ambazo kosa lake ni pesa.

## RabbitMQ

RabbitMQ ilitoka mwaka 2007, imeandikwa kwa Erlang, na ilijengwa kuzunguka AMQP, itifaki iliyoanzia benki ya JPMorgan Chase. Asili hiyo inaonekana: ni chombo cha kugawa kazi kwa uangalifu.

Kumbukumbu. Seva inafuatilia kila ujumbe. Inamsukumia mchakataji, inasubiri uthibitisho, inaufuta. Mchakataji akikata mawasiliano kabla ya kuthibitisha, ujumbe unarudi foleni na kupewa mwingine, bila wewe kuandika chochote. Kinachosahaulika sana ni mpangilio wa `prefetch`, idadi ya jumbe anazoruhusiwa mchakataji kushika kwa mpigo. Ukiuacha bila kikomo, mchakataji wa kwanza kuunganika anazoa mzigo wote na wenzake wanakaa bure. Kwa kazi za sekunde kadhaa, anza na namba ndogo.

Upotevu. Unapungua sana ukikamilisha mambo matatu: foleni iwe ya kudumu, ujumbe uwe wa kudumu, na mtumaji asubiri uthibitisho wa seva. Ukiacha mojawapo, umejidanganya. Kwa klasta, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, tumia foleni za aina ya `quorum`, zilizokuja na toleo la 3.8 mwaka 2019 na zinazotumia kanuni ya Raft kukubaliana kati ya seva. Zile za zamani za kuakisiwa ziliondolewa kabisa katika toleo la 4.0, mwaka 2024, kwa hiyo mafunzo ya mtandaoni yanayozifundisha yameshapitwa.

Mpangilio. Foleni moja na mchakataji mmoja, sawa. Wakizidi, au ujumbe ukirudishwa, usiutegemee.

Kushindikana. Ukiniuliza, hapa ndipo RabbitMQ inapong'aa. Ukishaipangia, ujumbe uliokataliwa, au uliozidi muda wake, unaelekezwa wenyewe kwenye foleni nyingine ya jumbe zilizoshindikana. Kwa foleni za `quorum` kuna pia kikomo cha kurudishwa, na kuanzia 4.0 kikomo hicho kinakuja kikiwa kimewekwa tayari kuwa 20. Jihadhari na kazi ndefu: kwa kawaida seva humsubiri mchakataji dakika 30, na asipothibitisha humfungia njia na kumpa kazi mwingine. Mwenye kazi ya kubadili video kwa saa nzima atashangaa kuiona ikianza upya kila nusu saa.

Kurudi nyuma. Kilichothibitishwa kimefutwa. Tangu toleo la 3.9 kuna aina ya mikondo inayobaki na kusomwa tena, lakini kama hilo ndilo hitaji lako kubwa, soma sehemu ya Kafka kwanza.

Uendeshaji. Seva moja unaiwasha kwa dakika chache, na ukurasa wake wa usimamizi ni msaada mkubwa kwa asiye mtaalamu. Klasta ya tatu inahitaji mtu anayejua mtandao unapokatika kati yao kinatokea nini. Na kumbuka kwamba RabbitMQ inapenda foleni fupi. Kumbukumbu ya mashine ikivuka kiwango ilichopangiwa, seva inawazuia watumaji wote, pamoja na wale wa foleni zisizo na shida.

Inamfaa mwenye aina nyingi za kazi zenye njia tofauti: hii iende kwa SMS na barua pepe, ile kwa stoo tu, nyingine ya haraka ipite mbele.

## Kafka

Kafka ilizaliwa LinkedIn na kuachiwa wazi mwaka 2011. Waliiandika watu waliokuwa na mafuriko ya matukio, si watu waliokuwa na orodha ya kazi, na tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya wengi.

Kumbukumbu. Seva haijui ujumbe upi umeshughulikiwa. Inaandika jumbe mwishoni mwa logi, moja baada ya nyingine, na kuziacha hapo. Kila kundi la wasomaji lina namba ya nafasi, kama anayekunja kona ya ukurasa kujua alipoishia. Makundi kumi yanaweza kusoma logi moja bila kusumbuana.

Gharama yake iko hapohapo. Namba ya nafasi inasema "mpaka hapa nimemaliza"; haiwezi kusema "nimemaliza zote isipokuwa ule wa saba".

Upotevu. Kafka haitegemei kila ujumbe kusukumwa diskini kabla ya kukujibu. Inategemea nakala kwenye seva kadhaa. Desturi ni nakala tatu, `min.insync.replicas` (idadi ya chini ya nakala zinazotakiwa kuwa sawa) ikiwa mbili, na mtumaji akitumia `acks=all` (asubiri nakala zote zilizo sawa zipokee), ambayo tangu toleo la 3.0 ndiyo hali ya kawaida. Ukiwa na seva moja, ahadi hiyo haipo. Utasikia pia habari za "mara moja tu", iliyokuja na toleo la 0.11 mwaka 2017. Ni kweli, lakini ndani ya Kafka: kusoma mada moja (logi yenye jina lake) na kuandika nyingine. SMS iko nje ya ukuta huo.

Mpangilio. Mada hugawanywa vipande, na ndani ya kipande mpangilio ni thabiti. Jumbe zenye ufunguo mmoja, mathalani namba ya akaunti, huangukia kipande kimoja, hivyo matukio ya akaunti moja yanafuatana hata ukiwa na wasomaji wengi. Katika hizi nne, Kafka ndiyo inayotoa hili kwa mzigo mkubwa bila kukulaza macho. Ila idadi ya vipande huwezi kuipunguza, na ukiiongeza funguo zinahama vipande, na mpangilio wa wakati wa kuhama unavurugika. Fikiri mapema.

Kushindikana. Ndiyo sehemu yake ngumu. Ujumbe mbovu ukikaa mbele, walio nyuma yake kwenye kipande hicho wanasubiri. Ama uurudie rudie huku foleni imesimama, ama uuhamishie mada nyingine na kuendelea, na mada hiyo ya kurudia unaijenga na kuisimamia wewe. Pia mchakataji akikaa zaidi ya dakika tano bila kuomba jumbe mpya, kwa mipangilio ya kawaida anahesabiwa amekufa na vipande vyake vinagawiwa wengine. Toleo la 4.0 la mwaka 2025 lilianza kuleta makundi ya kushirikiana, yanayothibitisha ujumbe mmoja mmoja kama foleni za jadi. Ni dalili kwamba hata wajenzi wake waliona pengo.

Kurudi nyuma. Hakuna anayeisogelea. Jumbe hukaa siku saba bila wewe kugusa chochote, na muda huo unaweza kuurefusha kadiri diski inavyoruhusu. Hesabu ya juzi ilikosewa? Rekebisha msimbo, rudisha namba ya nafasi hadi juzi, pitia upya. Halafu hakikisha mchakataji wa SMS si miongoni mwa waliorudishwa.

Uendeshaji. Afadhali kuliko zamani, kwani 4.0 iliondoa ZooKeeper, mfumo wa pembeni wa kuratibu seva, na kubaki na kitu kimoja cha kusimamia. Bado ni seva tatu, diski za kufuatilia, na maarifa ambayo timu ya watu watatu huyapata kwa kuacha kazi nyingine.

Inamfaa mwenye tukio moja linalohitajiwa na idara nyingi: malipo yaleyale yasomwe na hesabu, na kitengo cha kunasa ulaghai, na takwimu, kila mmoja kwa mwendo wake.

## Amazon SQS

Kumbukumbu. Huduma inafuatilia kila ujumbe. Mchakataji akiuchukua, unafichwa kwa wengine kwa sekunde 30 za kawaida, na unaweza kurefusha hadi saa 12. Asipoufuta kabla muda haujaisha, unaonekana tena. Kazi ikichukua sekunde 40 na hukugusa mpangilio huo, kazi zinaweza kufanywa mara mbili au zaidi, na huenda kosa lisijitokeze kwenye logi zako.

Upotevu. Amazon inatunza nakala, wewe huna la kufanya. Pengo kati ya databesi yako na foleni linabaki palepale, na safari hii lina mtandao wa intaneti katikati. Kituo cha AWS, wingu la Amazon, kilicho barani ni Cape Town, kilichofunguliwa 2020. Seva yako ikiwa Nairobi au Dar es Salaam, kila kuandika ni safari hadi huko au kituo kingine cha mbali. Seva zako zikiwa tayari ndani ya AWS, hoja hii inaanguka.

Mpangilio. Foleni ya kawaida haiahidi. Aina ya FIFO (wa kwanza kuingia, wa kwanza kutoka) inaahidi ndani ya kundi la jumbe, na inazuia marudio ya mtumaji ndani ya dakika tano. Kikomo chake cha kawaida ni maombi 300 kwa sekunde, au jumbe 3,000 ukizituma kumi kumi.

Kushindikana. Unaweka idadi ya majaribio, ikizidi ujumbe unahamishiwa foleni ya zilizoshindikana. Mistari miwili ya mipangilio, basi.

Kurudi nyuma. Ukishafuta, umefuta. Ambao haujafutwa hukaa siku nne, au 14 ukiomba.

Uendeshaji na gharama. Huamshwi usiku. Unalipa kwa ombi, kwa dola, na ombi lililorudi mikono mitupu nalo linahesabiwa. Mchakataji mmoja anayeuliza kila sekunde anafanya maombi 86,400 kwa siku, yaani 2,592,000 kwa siku 30, wakati maombi ya bure ni milioni moja kwa mwezi. Mwambie asubiri sekunde 20 kwa kila ombi, na foleni tupu inashuka hadi maombi 129,600. Mabadiliko ni namba moja tu kwenye mipangilio.

Inamfaa asiye na mtu wa kusimamia seva, na ambaye tayari anaishi kwenye wingu hilo.

Kuhusu Redis, databesi inayokaa kwenye kumbukumbu ya mashine, ambayo wengi wangeiongeza hapa: ni nyepesi na ya kasi, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida wa AOF (logi ya maandishi yake), unaoandika diskini kila sekunde, mashine ikizimika ghafla unaweza kupoteza sekunde moja ya maandishi. Kwa kupunguza ukubwa wa picha za wasifu, sawa. Kwa malipo, hapana.

## Kwa hali yako

Kama una programu moja, databesi moja ya PostgreSQL, na jumbe za mia kadhaa kwa dakika, anza na jedwali. Weka tahadhari mbili tangu siku ya kwanza: ifuatilie idadi ya mistari mifu, na ripoti ndefu zisikae hapo.

Kama kazi zimekuwa za aina nyingi, zina vipaumbele, na zinatoka kwenye programu zilizoandikwa kwa lugha tofauti, RabbitMQ itakupunguzia msimbo mwingi wa kujibunia. Liache lile jedwali mlangoni kwa ajili ya jumbe za pesa.

Kama idara ya pili na ya tatu zimeanza kuomba "mtupatie na sisi hayo matukio", na mkaguzi anataka kuyaona ya mwezi uliopita, Kafka ndiyo inayojibu swali hilo. Usiichukue kwa sababu ya kutuma SMS.

Kama timu ni watu wawili, kila kitu kiko AWS, na bosi anaelewa bili ya dola, chukua SQS, kisha upange muda wa kufichwa uuzidi muda wa kazi yako ndefu kuliko zote.

Na kama bado mnabishana, wekeni ubishi pembeni na mwandike wachakataji wanaovumilia ujumbe kuja mara mbili, wakiuita mfumo wa foleni kupitia kazi tatu tu: weka, chukua, thibitisha. Kutoka jedwali kwenda RabbitMQ au SQS hapo ni kubadili faili moja. Kwenda Kafka ni kazi kubwa zaidi, kwa sababu "thibitisha" ya huko inahusu nafasi kwenye logi, si ujumbe mmoja, na sehemu yote ya kurudia kazi zilizoshindikana itabidi iandikwe upya.